Kiwanja cha mteremkoni: dalali, mpima, mhandisi na fundi, nani alistahili malipo yake

Mwenye haraka asome aya hii tu. Nyumba ya mlimani ninaipenda, soko la viwanja vya mlimani silipendi, na kati ya watu wanne wakuu tuliowalipa, wawili ningewaita tena kesho asubuhi, mmoja ningemwita iwapo kuna wa kumsimamia, na mmoja namba yake nimeifuta. Mimi ni mhasibu mstaafu na risiti zote za mradi huu ninazo. Mzee wangu ndiye aliyetaka kuamka akiona mabonde. Mimi nilitaka kujua tunalipia nini.

Tuanze na dalali, maana ndiye anayemtangulia kila mtu. Soko la mlimani linatambaa, lakini yeye huliendesha kana kwamba watu wanapigana vikumbo. Siku ya kwanza tu alituambia kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu mwisho wa wiki. Mimi nikawa nakitazama kibao cha "Kinauzwa". Rangi imepauka, ubao umeota ukungu upande mmoja, na namba ya simu imeandikwa juu ya namba nyingine iliyofutwa. Kiwanja chenye kibao cha namna hiyo hakina anayekigombania.

"Mama, viwanja vya huku vinaisha," akasema.

Nikamuuliza kiwanja cha mwisho kuuzwa kwenye mteremko ule ni kipi, na mnunuzi alilipa kiasi gani. Bei ambazo wenye viwanja wanazitaka alikuwa nazo zote kichwani. Bei iliyokwisha kulipwa hakuijua hata moja.

Simlaumu kwa kutoijua, namlaumu kwa kujifanya haijalishi. Kwenye mji wenye mauzo mengi, mthamini hutafuta nyumba tatu nne zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni, akalinganisha, akakupa bei inayoeleweka. Mlimani mauzo ni ya kuhesabu, na viwanja viwili vinavyopakana huwa havifanani kabisa: hiki kinafikika kwa gari, kile ni cha kupanda kwa miguu; hiki kinaota jua asubuhi, kile kimejificha nyuma ya kilima; hiki udongo wake umeshikana, kile kina chemchemi katikati. Kwa hiyo bei inayotajwa ni matumaini ya muuzaji, basi. Tena muuzaji mwenyewe mara nyingi hana haraka, kwa sababu ardhi tupu haili wala haipakwi rangi. Akikosa mnunuzi mwaka huu, anaiacha. Bei haishuki, muda ndio unaorefuka.

Ukilielewa hilo, nguvu inahamia kwako, kwa sababu na wewe unaweza kusubiri. Tulimwambia dalali hatutoi hata kishika uchumba mpaka msimu wa mvua upite, na tutakuwa tunapita pale mvua zikinyesha. Alikasirika. Akapunguza kupokea simu, kisha akarudi mwenyewe, kwa sababu yule mteja wa mwisho wa wiki alikuwa bado hajafika. Wakati wa mvua tuliona mambo ambayo kiangazi kilikuwa kimeyaficha: barabara ya kuingilia iligeuka mfereji, na kona ya chini ya kiwanja ilibubujika maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kwa hayo mawili tulipata punguzo ambalo maneno matupu yasingetupatia. Nyota mbili kwa dalali, na moja kati ya hizo ni ya kutupeleka mahali kwenyewe.

Wakili nitampita haraka. Alifanya alichotakiwa: alihakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati, warithi wote wakasaini, na njia ya kupita kwenye shamba la jirani ikaandikwa kwenye mkataba na kusajiliwa. Mlimani usikubali ahadi ya "jirani hana tabu". Jirani akiuza, anayekuja ana tabu zake.

Mpima ardhi ndiye niliyemlipa kidogo kuliko wote, na ni yeye aliyenirudishia pesa yangu siku ileile. Tulikuwa tunanunua kwa mita ya mraba. Muuzaji alishapima: mita 40 kutoka mpaka wa juu hadi wa chini, utepe umelazwa juu ya majani. Mpima, kijana mpole na chombo chake cha miguu mitatu, akapata mita 37 na kidogo. Muuzaji akawaka, akidhani anaibiwa mchana kweupe.

Mpima hakubishana. Alimwomba mtoto wa muuzaji abane ncha ya utepe ardhini kwenye mpaka wa juu. Yeye akashuka hatua chache, akauinua utepe hadi kifuani ukalala sawasawa, akaugusisha pima maji, kisha akateremsha timazi kutoka kwenye utepe hadi kwenye majani, na pale ilipogusa akachomeka kijiti. Wakasogea, wakarudia kuanzia kwenye kijiti. Walipofika chini, muuzaji alikuwa ameacha kufoka na anahesabu vijiti mwenyewe.

Sababu ni hii: eneo linaloandikwa kwenye hati na ramani hupimwa kwa umbali wa mlalo, kana kwamba unaitazama ardhi kutoka juu angani. Utepe uliolazwa kwenye mteremko hupima mteremko. Mahali panaposhuka mita 4 kwa kila mita 10 za mlalo, yaani asilimia 40, utepe wa chini unazidisha urefu kwa karibu asilimia 8. Panaposhuka asilimia 50 unazidisha karibu asilimia 12. Hakuna aliyetaka kudanganya, lakini ile asilimia 8 ya bei ya kiwanja ilizidi ada ya mpima. Juu ya hapo alilipata jiwe la mpaka la kona ya juu chini ya kichaka, mbali kidogo na pale tulipokuwa tumeonyeshwa. Nyota tano.

Mhandisi anahitaji maelezo marefu kidogo, maana bila yeye nisingekuwa naandika nikiwa nimetulia hivi. Ni binti wa rika la wanangu. Alipofika hakuangalia ardhi kwanza, aliangalia miti. Sehemu moja mashina yalikuwa yameinama karibu na ardhi kisha yakajipinda kwenda juu. Akatuambia mti hutafuta kusimama wima, na ukiuona umepinda chini namna ile, kwa mingi iliyo pamoja, shuku kwamba udongo wa juu unatambaa polepole kuelekea bondeni. Halafu akatafuta nyufa ndefu zinazokata mteremko, na mahali penye matete wakati juu yake ni pakavu. Ndipo akaomba mashimo yachimbwe.

Mzee wangu alikuwa ameshachagua mahali pa nyumba: kwenye ukingo wa mbele, eneo tambarare, bonde lote liko miguuni. Shimo la pale lilitoa udongo uliochanganyika, vipande vya mawe, mizizi iliyooza na kipande cha bati. Ulikuwa ni kifusi. Wakati barabara ya juu inakatwa, udongo ulimwagwa pale, ukasawazishwa, ukaota majani. Tangu siku hiyo nikiona sehemu tambarare mlimani, nauliza ni nani aliyeitandaza.

"Lakini mwanangu, mandhari yote iko hapa," mzee akasema.

"Baba, mandhari utaipata tu," akajibu. "Ila nyumba ikikaa hapa, siku moja itaifuata huko bondeni."

Mzee akajitetea kwamba mlima ule umekaa tangu enzi na enzi. Binti akamtajia Bududa, miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, ambako Machi 2010 udongo uliolewa mvua ulikifunika kijiji cha Nametsi. Akamtajia na Katesh, Desemba 2023, mji ulioko chini ya Mlima Hanang, Tanzania, ukaingiliwa na tope na mawe. Wa Katesh hawakuwa wamejenga mlimani, lililowafuata lilitoka juu yao. Baada ya kusema hivyo aliuvuka mpaka wetu, akapanda juu kwa majirani, na akakaa huko muda mrefu kuliko aliokaa kwenye kiwanja chetu. Alikagua maji ya barabara yanamwagikia wapi, na kama kuna mtu aliyekata mlima bila kuweka ukuta. Nani mwingine tuliyemlipa alikanyaga ardhi ambayo si yetu? Hakuna.

Nyumba ikarudishwa nyuma, kwenye udongo ambao haujawahi kuguswa. Kisha akaigeuza. Ramani tuliyokuwa nayo iliuelekeza urefu wa nyumba, mita 12, kushuka na mteremko. Pale mteremko ni asilimia 30, kwa hiyo kona ya chini ingekuwa mita 3.6 chini ya kona ya juu, na nafasi hiyo yote ingejazwa mawe, zege na pesa. Akaulaza urefu ukate mteremko, upana wa mita 7 ndio ukashuka, na tofauti ikawa mita 2.1. Kwa mgeuzo huo tu, ukuta mzima ulifutika kwenye makadirio. Mimi napenda mtu anayenipunguzia gharama kwa penseli.

Vingine alivyovidai: mtaro wa kukinga maji juu ya nyumba, kabla hayajaufikia ukuta, shimo la maji machafu liwe chini ya nyumba na lisiikaribie chemchemi kwa chini ya mita 30, na majani ya vetiva kwenye kingo zote zilizokatwa, kwa kuwa mizizi yake huenda chini moja kwa moja, mita 3 hata zaidi, badala ya kutambaa juujuu. Hilo la vetiva mzee alilichukulia kama dharau kwa maua yake. Tukayapanda hata hivyo.

Nyota tano, na ningempa ya sita kama zingekuwepo. Ripoti yake ilichelewa, nalo lazima niliseme.

Kuhusu kusafirisha vifaa, sikieni kutoka kwa mtu mwenye risiti. Lori lilikomea kwenye kona kali chini ya kilima na dereva akasema hapo ndipo mwisho wake. Kila tofali, kila mfuko wa saruji na kila nondo ikashushwa, ikapakiwa kwenye gari dogo, na kipande cha mwisho ikabebwa mabegani. Karibu robo ya nilichotumia kwa vifaa ilikuwa ni kuvihamisha tu. Kabla ya kutia saini ya kununua, kodi lori lenye mchanga lipande hadi kwenye kiwanja, uone. Mchanga utautumia, na jibu utakuwa nalo.

Sasa fundi. Huyu ni mtu mwenye mikono miwili isiyofanana. Msingi wake ni wa kupigiwa mfano. Aliukata kwa ngazi kufuata mteremko, kila ngazi imelala sawa, hakuna mahali ambapo zege ilimwagwa kwenye mwinuko ikaachwa iteleze. Na baridi anaijua. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7, na saruji hushikana taratibu zaidi kadiri baridi inavyoongezeka; ikikaribia sifuri kazi inasimama. Alikuwa anamwaga zege asubuhi jua likishatoka, anamaliza kabla halijapungua, anaifunika magunia na nailoni, na mbao za kushikilia zege hakuzitoa kwa tarehe za kwenye karatasi, alizitoa kwa kuigonga na kuisikiliza. Akainywesha maji wiki nzima bila kukumbushwa. Zege hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28, naye hakutaka kuibebesha mzigo mzito kabla ya hapo. Mafundi wenye subira hiyo ni wachache.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ndio uliotugombanisha. Mchoro wa mhandisi ulionyesha matundu ya kutolea maji, mabomba mafupi yanayopenya ukuta, na nyuma yake kokoto zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchujia ili udongo usizibe. Fundi akajenga ukuta wa mawe mzuri mno, mawe yamechongwa yakabanana, bila tundu hata moja, na nyuma akarudisha udongo uleule aliouchimba. Nilipouliza, akasema, "Mama, matundu yanaharibu sura ya ukuta, yanalia madoa."

Mvua zilipoanza, maji yakajaa nyuma ya ukuta yasipate pa kutokea. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na yakituama hivyo husukuma pande zote, ukuta nao ndio uliokuwa njiani. Katikati ukatoa tumbo, kisha ufa ukaanza kupanda kwenye maungio ya mawe kama ngazi. Ukabomolewa karibu wote. Fundi aliujenga upya kwa gharama yake, safari hii na mabomba na kokoto, na hakufanya hivyo kwa wema wa moyo tu: mkataba ulisema asilimia 10 ya malipo yake inabaki mkononi mwangu mpaka msimu wa mvua upite. Alipousaini aliona ni masharti ya mwanamke mchoyo. Kifungu hicho kiwekeni, hata kama fundi ni ndugu wa damu. Nyota tatu na nusu, na nusu hiyo ni kwa sababu alirudi.

Kwa jumla theluthi ya bajeti ya ujenzi iliishia chini ya sakafu na nyuma ya ukuta, mahali ambapo mgeni hawezi kupaona. Wageni husifia dirisha la jikoni. Mandhari ya mzee iko hapo, bonde linaonekana lote ukiwa unaosha vyombo, na ndiye anayeosha siku hizi. Baridi ni kali usiku lakini si kama ya wale waliojenga chini kabisa. Hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama bondeni, na asubuhi nyingi sisi tuko juani wao bado wamo ukunguni. Kama mko mbali na ikweta angalieni pia mteremko unatazama wapi, kwa sababu kaskazini mwa dunia mteremko unaotazama kusini ndio unaopata jua la kutosha, na kusini mwa dunia ni kinyume chake. Paa halina kisa. Ni bati lenye mwinuko wa kutosha na gata pana, yamekwisha.

Kuna swali ambalo ndugu wanaliuliza kila wakija: sasa hivi ukiiuza utapata ngapi? Mthamini alikuja kwa ajili ya bima, nikamwomba anipe na bei ya soko. Gharama ya kuijenga upya ilikuwa kubwa, bei ya soko ilikuwa ndogo, na kati yake palikuwa na pengo la kumkosesha usingizi mtu aliyekopa. Alieleza vizuri: ukuta, mitaro na msingi wa ngazi vyote ni gharama kwangu, ila kwa mnunuzi ni nyumba tu ya vyumba kadhaa iliyo mbali, na wanunuzi wenyewe ni wachache. Sokoni hulipwi ulichokitumia. Na kule kusubiri kulikonisaidia wakati nanunua kutakuwa upande wa mwenzangu siku nikiuza, kibao changu kikipaukia hapo barabarani.

Kwa hiyo anayetaka kununua mlimani ajenge auze kwa faida, hesabu zangu hazimuungi mkono. Vilevile asijenge kwa mkopo wa kurejesha kwa kuuza, maana benki haisubiri kama anavyosubiri muuzaji wa kiwanja. Anayetaka kuishi, na ana pesa ambayo haitamuuma ikifungwa kwenye mawe kwa miaka, ninampendekezea bila kusita, kwa mpangilio huu wa kulipa watu: mpima kabla ya bei, mhandisi kabla ya saini, wakili siku ya saini, fundi baada ya mvua moja. Dalali mlipeni asilimia mliyokubaliana, hati ikishakuwa mkononi.

Mhandisi anakuja tena mvua hizi zikikatika, kukagua mabomba ya ukuta kama hayajaziba na kutupangia ngazi ya chini, pale mzee anapotaka kuweka benchi, kwenye kile kifusi. Benchi amelikubali, ila amesema lisiwe la zege.